Lori Limesimama, Injini Inakwenda Mbio

Mwezi huu tutaacha mbolea na dawa za wadudu. Tutazungumza juu ya injini ya lori. Mtu atauliza, bwana shamba na injini wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Kabichi ya Lushoto haina faida ikiozea Lushoto. Lazima ishuke Soni, ifike Mombo, ndipo ishike barabara kuu ya kwenda Tanga au Dar es Salaam. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi. Njia ina kona nyingi na mteremko mkali. Lori bovu likishuka pale, kinachopotea si kabichi tu.

Ubovu wenyewe ni huu. Dereva amesimamisha lori. Hakukanyaga mafuta. Gia iko huru. Lakini injini inavuma kama inapanda mlima. Madereva husema sailensi iko juu. Injini nyingi za malori ya dizeli, zikishapata moto, huzunguka mara 600 hadi 800 kwa dakika lori likiwa limesimama. Ikizunguka mara 1,200, kuna jambo.

Kwanza, dizeli inateketea bure, nayo ni fedha ya wanakikundi. Pili, gia hulia wakati wa kuingia. Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni mteremko. Lori likishuka polepole kwa gia ndogo, injini inatakiwa kulizuia. Injini hii hailizuii, inalisukuma. Dereva anakaa juu ya breki njia nzima. Breki zinapata moto sana, na breki za namna hiyo hazishiki.

Sasa tuone inakuwaje. Injini ya dizeli hupewa mafuta na pampu. Ubavuni mwa pampu pana mkono mdogo wa chuma. Mkono huo umefungwa waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta. Dereva akikanyaga, waya unavuta mkono, mafuta yanaongezeka. Akiachia, springi inaurudisha mkono mpaka unagusa skrubu ndogo. Skrubu hiyo ndiyo inayopanga sailensi. Mkono ukiigusa, injini hutulia.

Watu wengi wakisikia injini inavuma hukimbilia skrubu hiyo na bisibisi. Hapa ndipo hatari inapoanza. Nieleze kwa mfano wa lori moja la wakulima wa mboga. Injini ilikuwa inavuma. Fundi akafungua skrubu kidogo, injini haikushuka. Akafungua tena, haikushuka. Akafungua sana, akaondoka. Kumbe waya ulikuwa umeshika kutu ndani ya mfuko wake. Mkono wa pampu ulikuwa haurudi hata kidogo kwenye skrubu. Skrubu ingeweza kung'olewa kabisa na injini isijue!

Siku ya tatu waya ulijiachia wenyewe. Mkono ukaanguka chini kabisa, kwa sababu skrubu haikuwapo mahali pake pa kuuzuia. Injini ikazima. Bahati njema lori lilikuwa sokoni, linapakia. Lingekuwa kwenye kona za Soni, usukani ungekuwa mzito ghafla, na breki zingepoteza msaada wake. Maana katika malori mengi, misaada hiyo yote hutoka kwenye injini inayozunguka.

Kwa hiyo skrubu iguswe mwisho. Kwanza tafuta kinachoushika mkono. Kazi hii haihitaji cheti cha ufundi. Inahitaji watu wawili na macho. Hata mweka hazina wa kikundi anaweza kuifanya.

Zima injini. Weka magogo au mawe kwenye magurudumu. Mmoja aingie ndani, akanyage pedali ya mafuta na kuiachia. Mwingine atazame mkono wa pampu. Je, unarudi upesi mpaka unagusa skrubu? Ukibaki nafasi, hata ya unene wa shilingi, ubovu hauko ndani ya pampu. Uko kwenye njia ya kutoka pedali.

Ifuate njia hiyo yote. Anza kwenye pedali yenyewe. Mara nyingi kapeti au tope lililokauka linaizuia isirudi. Kisha tazama dashibodi. Malori mengi ya Kijapani yana kishikio cha kuvuta cha kuongeza sailensi wakati wa baridi. Kule milimani asubuhi ya mwezi wa saba, dereva hukivuta na kukisahau mpaka jioni. Nimeona fundi akilipwa kwa kukirudisha kishikio tu.

Kama kishikio kimerudi, ondoa waya kwenye mkono wa pampu. Uvute kwa mkono. Ukiteleza vizuri, ni mzima. Ukikwama, una kutu, au nyuzi zake zimekatika na zinakwaruza ndani. Kutu kidogo husikia mafuta. Nyuzi zilizokatika hazisikii mafuta. Nunua waya mpya. Waya mzima nao unaweza kukazwa mno. Lazima uwe na ulegevu kidogo, ukiubonyeza kwa kidole usogee. Tazama pia raba zinazoshika injini. Zikichoka, injini inahama mahali pake na kuuvuta waya. Springi iliyolegea usiifunge kamba ya mpira. Nunua nyingine.

Pampu za zamani zina jambo lao. Baadhi hupima mwendo wa injini kwa kuvuta hewa kupitia bomba dogo la mpira. Bomba hilo likipasuka, pampu inadanganyika na kutoa mafuta mengi. Lipapase lote. Likiwa na ufa, badilisha.

Wenye pikapu za petroli zenye kabureta nao watazame waya na springi, kisha choki, kama imefunguka yote injini ikiwa na moto. Halafu wasikilize. Mluzi mwembamba karibu na kabureta ni hewa inayoingia mahali pasipotakiwa. Bana mabomba ya mpira moja moja. Injini ikishuka, umelipata. Usisahau bomba nene la kwenda kwenye breki. Likitoboka, sailensi hupanda na breki huwa ngumu. Wako watu wanaomwaga petroli juu ya injini ya moto ili kutafuta tundu. Huko ni kutafuta moto, si tundu. Tumia maji kidogo.

Magari mapya yenye kompyuta hayana skrubu ya kupanga. Hayo yapelekwe kwa fundi mwenye chombo cha kuyasoma.

Sasa tuje kwenye skrubu. Ukishahakikisha kwamba mkono unaigusa kila mara, na injini bado iko juu, washa injini mpaka ipate moto. Legeza nati ya kufungia. Geuza skrubu robo mzunguko tu, ngoja, sikiliza, tazama saa ya mizunguko kama ipo. Injini ikianza kutikisika umepita chini. Rudisha, kaza nati. Pampu ina skrubu nyingine iliyofungwa waya na lakiri ya risasi. Hiyo huzuia injini isizunguke kupita nguvu zake. Usiiguse. Kama skrubu ya sailensi haibadili kitu, pampu iende kwa fundi wa pampu.

Kuna siku moja mbaya lazima dereva aijue. Anazima swichi, injini haizimi. Inazidi kupanda yenyewe, moshi umetanda. Huenda inakunywa oili yake. Lori likiwa limesimama, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia kubwa kuliko zote, achia klachi. Injini italemewa na kuzima. Au ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao. Usizibe kwa kiganja. Ikishindikana, watu wote wakae mbali.

Ndugu wa Soni aliyeuliza kama lori lenye sailensi ya juu linaweza kumaliza msimu kwanza, jibu ni hapana. Shusheni kabichi, tazameni waya leo. Mwezi ujao tutarudi shambani, tuzungumze juu ya kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko.