Nyanya ya Chungu na Nyanya ya Safari

Ndugu msomaji, ukienda sokoni asubuhi utamwona mama ameinama mbele ya mafungu ya nyanya. Anaminya moja, anaiacha, anaminya nyingine. Anachotafuta ni ugumu. Ikiwa ngumu anasema ni nzuri, ikiwa laini anasema imechoka. Kwa nyanya ya kununua mama huyu hakosei, maana anataka imfikishe kesho kutwa kabla haijaoza. Kosa huanza pale tunapotumia kipimo hicho hicho cha sokoni kuchagua mbegu ya kupanda nyuma ya nyumba.

Nyanya inayotoka Ilula au Lushoto kwenda Dar es Salaam ina kazi ya kusafiri. Lazima iwe na ganda gumu, ivumilie kubanwa kwenye tenga, na mara nyingi huchumwa kabla haijaiva sawasawa. Nyanya ya nyumbani haina safari hiyo. Kutoka shinani hadi jikoni ni hatua 20 tu. Kwa nini basi tuichague kama vile inapanda lori?

Maoni yangu ni haya: familia yenye kipande kidogo cha ardhi isipande nyanya aina moja, ipande aina mbili. Moja iwe ya chungu, nyingine iwe ya kachumbari. Nasema hivyo kwanza kwa sababu ya afya.

Wengi wetu tunaamini kwamba nyanya inaongeza damu kwa kuwa ni nyekundu. Ukweli ni kwamba nyanya yenyewe haina madini ya chuma mengi. Msaada wake ni wa namna nyingine. Ina vitamini C, na vitamini hiyo huusaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, kunde na mchicha. Mtoto anayekula ugali na maharage kila siku ana chuma kwenye sahani yake, lakini sehemu kubwa hupita bila kumfaa. Akila na kachumbari ya nyanya mbichi katika mlo huo huo, mwili wake huchukua zaidi. Vivyo hivyo kwa mama mjamzito. Tena vitamini C hupungua kwa moto, kwa hiyo nyanya iliyokaangwa mpaka ikayeyuka haiwezi kufanya kazi yote ya nyanya mbichi.

Hata hivyo nyanya iliyopikwa nayo ina faida yake. Ile rangi nyekundu, ambayo wataalamu huiita likopeni, mwili huichukua vizuri zaidi nyanya inapopikwa na mafuta kidogo. Basi tusibishane kama nyanya iliwe mbichi au iliyopikwa. Nyumba inahitaji zote mbili, na aina inayofaa sufuria si lazima ifae kachumbari.

Kwa chungu, tafuta nyanya yenye nyama nyingi na maji kidogo. Roma na Cal-J ni za namna hiyo. Mchuzi wake huwa mzito upesi, kuni au mkaa hautumiki mwingi, na huhitaji kuongeza nyanya ya kopo. Zipo pia Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 baada ya utafiti uliofanyika Tengeru, Arusha. Hizi hukaa muda mrefu bila kuharibika, kwa hiyo humfaa mwenye kutaka kula nyingine na kuuza nyingine. Roma na Cal-J ni mimea mifupi. Nyanya zake huiva karibu kwa pamoja, na ukizidiwa unaweza kuzikata vipande na kuzikausha juani.

Kwa kachumbari, chagua nyanya ndefu kama Moneymaker au Marglobe. Zina maji, ladha yake ni nzuri, na ganda lake halimsumbui mtoto. Zinahitaji kuegemezwa kwenye miti na kuondolewa machipukizi yanayoota kwapani mwa majani. Ukizitunza hivyo huzaa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Sokoni watu wanazilaumu kwamba hupasuka njiani. Nyumbani, njia ya kuzipasua iko wapi?

Jambo la pili ni kusoma pakiti ya mbegu. Herufi zilizoandikwa pembeni ya jina zina maana. V ni kuvumilia mnyauko wa vetisili, F ni kuvumilia mnyauko wa fuzari, na N ni kuvumilia minyoo fundo inayovimbisha mizizi. Lakini F1 ni jambo jingine kabisa: inaonyesha kwamba mbegu ni chotara.

Sisemi kwamba chotara ni mbaya. Huzaa sana, na mkulima wa biashara ana sababu ya kuinunua. Kwa bustani ya nyumbani niliijaribu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilijaza ndoo. Nikakamua mbegu zake, nikazihifadhi vizuri, nikazipanda msimu uliofuata. Kila shina likaja na tabia yake: moja lilizaa vinyanya vidogo, jingine lilirefuka bila kuzaa, jingine lilikauka mapema. Hapakuwa na wa kulaumu, chotara ndivyo ilivyo. Aina nilizozitaja hapo juu si chotara, kwa hiyo mbegu zake unaweza kuzitunza mwenyewe. Chagua tunda zuri kutoka shina lenye afya, kamua mbegu pamoja na maji yake, acha kwenye chombo siku 2 au 3, kisha suuza na ukaushe kivulini. Mwaka unaofuata hutatoa hata senti.

Wapo watakaosema: kwa nini nijisumbue, wakati msimu wa mavuno nyanya ni za bure? Ni kweli, kuna miezi ambayo wakulima hulia kwa bei ndogo. Lakini kumbuka miezi ile ya mvua, fungu linapokuwa na nyanya tatu. Kitu cha kwanza kuondoka mezani ni kachumbari. Nyanya moja hugawanywa kwenye mchuzi wa watu wanane, na mtoto anarudi kwenye maharage matupu. Miche 10 iliyotunzwa vizuri haiwezi kuondoa shida hiyo yote, lakini inaipunguza.

Halafu kuna suala la dawa. Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, wakulima wengi wamelazimika kupuliza dawa mara kwa mara, na mteja hana namna ya kujua kama siku za kusubiri baada ya kupuliza ziliheshimiwa. Kuosha ni lazima, lakini hakuondoi kila kitu. Nyanya ya kwako unaijua historia yake. Kwa miche michache unaweza kukagua majani kila asubuhi, ukayachuma yenye viwavi na kuyachoma moto. Ukilazimika kutumia dawa, soma maelezo na uhesabu siku, hata kama watoto wanazitamani.

Mwisho, mambo machache ya bustani. Usipande nyanya mahali palipokuwa na viazi mviringo, biringanya, ngogwe au pilipili, kwa sababu zote ni ukoo mmoja na magonjwa yake ni yale yale. Acha sentimeta 50 hivi kati ya mche na mche ili upepo upite, maana bakajani hupenda majani yaliyobanana na kulowana. Mwagilia chini kwenye shina, si juu ya majani. Mwagilia kwa kipimo kinacholingana kila wakati, kwani ukame unaofuatwa na maji mengi ndio unaoozesha kitako cha nyanya.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kununua mbegu msimu ujao, kaeni baba na mama mjiulize: tunapika nini, na watoto wetu wanakula nini kibichi? Majibu hayo yawachagulie mbegu. Ugumu wa ganda tuwaachie wenye malori.