Majadiliano Si Hisani ya Wakubwa

Tarehe 28 Agosti 2000, mjini Arusha, ulitiwa saini mkataba wa amani ya Burundi. Mazungumzo yake yaliongozwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha yakaongozwa na Nelson Mandela. Tanzania ilisifiwa kwa subira yake ya kuwaketisha mahasimu meza moja. Siku 102 baadaye, tarehe 8 Desemba, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji.

Taifa lililowavumilia majirani wakijadiliana kwa miaka lilishindwaje kuwapatanisha wananchi wake wenyewe?

Ugomvi wa Kilosa haukuanguka kutoka mbinguni. Kiangazi kinapowadia, mfugaji huihitaji mito na majani mabichi ya mabondeni. Mabonde hayo hayo ndiyo shamba la mkulima, na huenda mazao yake bado yamo. Kila mmoja anatetea chakula cha watoto wake. Njia ya ng'ombe ipite wapi, mifugo inyweshwe siku zipi, shamba likiliwa fidia iwe kiasi gani: haya yote ni mambo yanayoweza kujadiliwa na kuandikwa, na kila mwaka yanajulikana mapema.

Hata hivyo, bado wapo watumishi wanaodai kwamba watu hawa hawaelewani na kwamba dawa yao ni amri. Huo ni umangimeza mtupu. Amri imekwisha kujaribiwa. Mwaka 2009 mifugo iliondolewa Kilosa kwa operesheni. Mwaka 2013 wakulima wenye hasira walifunga barabara kuu ya Morogoro na Dodoma pale Dumila, jirani na Magole. Kama operesheni ingekuwa tiba, barabara isingefungwa.

Wapo na wengine, werevu zaidi, wanaoitisha mkutano baada ya kukata shauri ofisini. Wananchi huketi juani, husomewa uamuzi, hupiga makofi, kisha kumbukumbu huandikwa kwamba wameshirikishwa. Hayo si majadiliano, ni matangazo. Na pale upande mmoja unapopenyeza bahasha, mapatano yamekwisha kufa, kwa maana aliyeshindwa kwa hongo hatarudi tena mezani. Atarudi na silaha.

Ajabu ni kwamba mtumishi huyo huyo anaijua vema thamani ya majadiliano yanapomhusu yeye. Ipo Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003, inayompa njia ya kuzungumza na Serikali juu ya mshahara na masharti ya kazi yake. Mwalimu akisomewa mshahara wake kama tangazo la mnada, bila chama chake kusikilizwa, atalalamika, na atakuwa na haki. Kwa nini basi haki anayoidai mwenye kalamu aione ni usumbufu inapodaiwa na mwenye jembe au mwenye fimbo?

Wala sheria haikukosekana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wao wanawake, ili lisuluhishe. Sheria hiyo hiyo inaviruhusu vijiji jirani kufanya makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi. Kinachotakiwa ni utashi: kijiji cha wakulima na kijiji cha wafugaji viketi kabla ya kiangazi, kila upande ukiwakilishwa na watu uliowachagua wenyewe; yaliyokubaliwa yaandikwe; na atakayeyavunja awajibike, awe na ng'ombe elfu moja au robo ekari ya mahindi.

Wajibu wa kiongozi wa Chama na wa Serikali katika meza hiyo ni kuilinda, wala si kuinunua au kuipindua. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Kilosa imekwisha kujenga ukuta wake kwa makaburi. Kiongozi anayengoja damu imwagike ndipo aitishe mkutano hakuja kusuluhisha. Amekuja kuhesabu maiti.