Mwizi Abishaye Hodi kwa Simu

Mwizi wa zamani alikuja usiku, akatoboa ukuta, akakimbia aliposikia mbwa. Yule tunayemsema leo huja mchana, husema kwa adabu, tena hujiita fundi. Havunji mlango; humwomba mwenye nyumba amfungulie.

Njia zake ni mbili. Ya kwanza ni simu: «Bwana, sisi ni mafundi wa Microsoft, kompyuta yako ina virusi.» Ya pili, mtu anasoma habari katika intaneti, mara kioo chote chajaa maonyo, sauti yapiga kelele, na namba ya simu yaonekana. Lakini Microsoft yenyewe imetangaza kwamba haimpigii mtu simu bila kuombwa ili kumtengenezea kompyuta, na kwamba maonyo yake ya kweli hayana namba ya simu kamwe. Basi, namba ile ndiyo inayomfichua mwongo.

Wengi wa walaghai hao wamekutwa nchini India, wakiwapigia watu wa Marekani na Uingereza. Mwaka 2012 tume ya Marekani inayowalinda wanunuzi ilishitaki vikundi sita. Hata hivyo ulaghai haukukoma: kwa mwaka 2023 FBI ilipokea mashtaka ya hasara inayozidi dolari milioni 900, na walioumia zaidi ni wazee.

Hila yao ni hii. Windows ina daftari ambamo huandika kila jambo linalotokea ndani yake, na alama nyekundu hazikosi humo, hata kompyuta ikiwa nzima kabisa. Mlaghai humwonyesha mtu alama hizo, akisema ndizo virusi. Kisha humwomba aweke programu ya kuitawala kompyuta kutoka mbali, kama AnyDesk au TeamViewer. Programu hizo si mbaya. Mafundi wa kweli huzitumia. Lakini ni ufunguo wa nyumba, na ufunguo hapewi mpita njia. Mwishowe hudai malipo, mara nyingi kwa kadi za zawadi, maana namba zake zikisomwa kwa simu, fedha imekwenda.

Haraka haraka haina baraka. Akipiga simu, tukate. Onyo likikijaza kioo, tufunge programu ya intaneti. Ikikataa, tuizime kompyuta. Hakuna kitakachoharibika.

Na ikiwa amekwisha kuingia? Kwanza tuikate kompyuta na intaneti, ili mkono wake usifike tena. Pili tuiondoe programu aliyoiweka. Tatu tufungue Windows Security na kuchagua uchunguzi uitwao Microsoft Defender Offline: kompyuta itajizima na kujiwasha, nayo itachunguzwa kabla Windows haijaamka, maana virusi vingine hujificha Windows ikiwa macho. Kazi hiyo huchukua kama dakika 15. Tukiona shaka bado, fundi tunayemjua aweke akiba ya barua na picha zetu, kisha aiweke Windows upya.

Maneno ya siri tuyabadilishe kwa kompyuta nyingine, tukianza na lile la barua pepe. Benki nayo tuiarifu upesi, kwa namba iliyoandikwa juu ya kadi yake, si kwa namba tuliyopewa na «fundi».

Neno la mwisho ni kwa watoto wa nyumba. Baba au nyanya aliyedanganywa huona haya na kunyamaza. Naye mlaghai hupenda ukimya huo, kwa maana hurudi baada ya miezi akijifanya anataka kurudisha malipo, kumbe anatafuta mengine. Basi tusimcheke mzee wetu wala tusimkemee. Tumwambie mapema: «Mtu akikupigia juu ya kompyuta, kata simu, utuite sisi.» Mzee asiyeogopa kucheka kwa watoto wake atasema siku ile ile, na siku ile ile benki huenda ikaweza kuizuia fedha.