Wanachuo, vukeni geti mje Mlali!

Bumu bado linapumua au limeshakata roho? Kama limekata, msijali. Wiki hii nawaletea ratiba ya kuanzia Juni hadi Desemba kwa vijana wa Mzumbe, Mlali na Moro mjini, na humo ndani hakuna disko la kulipia.

Ila kabla ya tarehe, nina neno. Vijana wa vyuo, popote pale nchini, tuna ugonjwa mmoja. Shughuli tunaandaa wenyewe, tunahutubiana wenyewe, tunapigiana makofi wenyewe, soda zikiisha tunarudi hosteli. Na mada yenyewe ati "maendeleo ya jamii". Jamii iko wapi? Iko Mlali inachuma nyanya! Kutoka Mzumbe ni mwendo wa bodaboda tu.

Haya, shikeni kalamu.

JUNI 16, Siku ya Mtoto wa Afrika. Wengi tunaijua kwa fulana na maandamano. Chimbuko lake ni wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu. Baadhi ya vijana waliokimbia nchi wakaishia hapa hapa Moro. Serikali yetu iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, wakajenga shule, wakaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Aprili 6, 1979 akiwa na miaka 22. Ndio umri wako wewe unayenuna kwa sababu ya maharage ya kantini! Mwaka 1992 wenyewe walitukabidhi majengo, na leo ni kampasi ya SUA. Makaburi ya wenzao waliofia ugenini bado yapo. Sasa nyie wa Mzumbe, wachukueni wanafunzi wa Mlali, tokeni nao Sangasanga, kamateni barabara kuu mpaka Mazimbu, mkawaonyeshe. Somo hilo halihitaji projekta.

AGOSTI 8, Nane Nane. Najua, wengi mnakwenda viwanja vya Mwalimu Nyerere kula mishkaki na kupiga picha na ng'ombe. Ruksa. Lakini mwaka huu pandeni kwanza gari la Mgeta, huko juu kwenye kabichi na baridi. Mtawakuta mbuzi wa maziwa wenye damu ya Norway, walioletwa na mradi wa SUA miaka ya 1980. Wasomi walipanda mlima, wakakaa na wafugaji, na mbegu ikashika.

Kinyume chake nacho kipo. Chuo cha Mzumbe kilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, mkoloni akiwanoa machifu na makarani. Miaka miwili tu baadaye, milima hiyo hiyo ya Uluguru ikachachamaa. Waluguru walichoka kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi yaliyopangwa na mabwana wataalamu. Julai 1955 zikazuka ghasia kule Matombo, mtu akapoteza maisha, na mpango wenyewe ukafia hapo. Kwenye karatasi matuta yalikuwa yamenyooka kweli kweli! Mwenye jembe ndiye hakuulizwa.

NOVEMBA 25 HADI DESEMBA 10, Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Kampeni hii ilianza mwaka 1991, na tarehe ya mwanzo inawakumbuka dada watatu wa ukoo wa Mirabal, waliouawa mwaka 1960 kule Jamhuri ya Dominika kwa kumpinga dikteta. Katikati yake mna Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani. Dada zangu wa chuo, najua hotuba zenu za haki ya mwanamke kumiliki ardhi zimeshaiva. Lakini kwa Waluguru ukoo unafuatwa kwa mama, na wanawake wamekuwa wakipata mashamba kwa njia hiyo tangu enzi za mababu. Basi mwiteni bibi mmoja wa Kiluguru, mpeni kiti cha mbele, aseme nini kinamlinda na nini bado kinamwonea. Nyie siku hiyo shikeni daftari.

Nasema haya kwa sababu moja. Mzumbe inapika watawala. Kesho kutwa wewe ndiye afisa utumishi, ndiye afisa mipango, ndiye mkurugenzi wa halmashauri, na mtu wa Mlali ndiye utakayemwandikia mpango. Ukianza kumfahamu siku hiyo, akiwa amesimama mlangoni kwako na barua ya malalamiko, umechelewa, mshikaji.

Tena haigharimu kitu. Tangazo liandikwe kwa Kiswahili, libandikwe kijiwe cha bodaboda, litajwe msikitini na kanisani. Shughuli ianze jioni, watu wakishatoka shamba. Na mgeni rasmi awe mkulima, hata kama hana suti.

Mkiandaa ya kwenu, nileteeni taarifa nitangaze hapa hapa. Sichukui hongo… labda kindoo cha nyanya.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!