Kardinali Mario Zenari: Balozi wa Papa aliyebaki Damascus vita vilipowaka

Wengi wetu tunamwona Balozi wa Papa mara moja moja tu. Anakuja jimboni siku ya kumweka wakfu askofu mpya, anapokelewa kwa ngoma na vigelegele, anasoma salamu kutoka Roma, anapiga picha na viongozi, kisha msafara unaondoka. Ni rahisi kudhani kwamba kazi yake ni ya sherehe.

Maisha ya Kardinali Mario Zenari, Mwitaliano aliyetumwa Syria mwishoni mwa 2008, yanatuonyesha upande mwingine wa kazi hiyo. Yanatupa pia swali gumu: balozi asiye na jeshi anafaa nini katikati ya vita asivyoweza kuvizima?

Ni nani huyu?

Zenari alizaliwa Januari 1946 katika kijiji cha Rosegaferro, karibu na mji wa Verona, kaskazini mwa Italia. Alipata upadri mwaka 1970. Miaka kumi baadaye akaingia katika utumishi wa kidiplomasia wa Vatican, nchi ndogo kuliko zote duniani ambayo hata hivyo ina uhusiano wa kibalozi na zaidi ya mataifa 180.

Alianza chini kama wanadiplomasia wengine, akihudumu katika balozi za Papa nchini Senegal, Liberia, Kolombia, Ujerumani na Romania. Mwaka 1999 akapewa ubalozi kamili wa Ivory Coast, Niger na Burkina Faso. Mwaka 2004 akahamishiwa Sri Lanka, nchi ambayo mwishoni mwa mwaka huohuo ilipigwa na mawimbi makubwa ya tsunami. Kutoka hapo ndipo akapangiwa Syria.

Balozi wa Papa ana kazi mbili kwa pamoja. Kwanza, anamwakilisha Papa mbele ya serikali, kama balozi wa nchi yoyote. Pili, ni kiungo kati ya Papa na Kanisa la mahali pale, na ndiye anayekusanya maoni ya siri kabla askofu mpya hajateuliwa. Kwa hiyo serikali inapogombana na dunia, yeye bado ana watu wake nchini, na hawezi kuwaacha kirahisi.

Wengine wakafunga, yeye akabaki

Machi 2011 wananchi wa Syria walianza kuandamana wakidai mageuzi. Serikali ya Rais Bashar al-Assad ikajibu kwa risasi, na nchi ikatumbukia vitani. Mwaka 2012 Marekani, Uingereza na Ufaransa zilifunga balozi zao mjini Damascus. Ubalozi wa Papa haukufungwa.

Kubaki hakukuwa salama. Novemba 2013, asubuhi na mapema, kombora liliangukia paa la jengo la ubalozi huo. Kwa bahati nzuri hakuna aliyejeruhiwa. Sisi wa ukanda huu tunajua kwamba bahati hiyo haipatikani kila mara: Desemba 2003 Askofu Mkuu Michael Courtney, aliyekuwa balozi wa Papa nchini Burundi, aliuawa kwa risasi akiwa safarini wakati nchi hiyo ikitafuta amani.

Mwaka 2016 Papa Fransisko alifanya jambo lisilo la kawaida. Kwa desturi, balozi wa Papa hupewa ukardinali baada ya kurudi Roma kushika wadhifa mkubwa, au anapomaliza utumishi. Zenari alipewa Novemba mwaka huo, kisha akarudishwa kituoni kwake Damascus. Papa hakuwa na jeshi la kupeleka Syria. Alichoweza ni kuwaambia Wasyria, na serikali yao, kwamba hajawasahau.

Alishindwa wapi, alifaulu wapi?

Tuseme ukweli: diplomasia hiyo haikusimamisha vita. Desemba 2016 Zenari alimkabidhi Assad barua ya Papa iliyoomba ukatili ukome na misaada iwafikie raia. Vita viliendelea miaka mingine mingi. Kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, raia zaidi ya 306,000 waliuawa katika miaka kumi ya mwanzo, bila kuwahesabu wapiganaji.

Kuna hoja nyingine dhidi yake. Balozi anayebaki hulazimika kusalimiana na mtawala, na picha zao pamoja zinaweza kumpa mtawala huyo heshima asiyostahili. Hoja hiyo ina uzito. Lakini aliyeondoka haoni kinachowapata raia, wala hana mlango wa kubisha anapotaka kuwaombea.

Zenari aliona hospitali. Vita vilikuwa vimeharibu nyingi, madaktari wamekimbia, na mgonjwa asiye na pesa hakuwa na pa kwenda. Wakati huohuo hospitali tatu za Kikatoliki, mbili za Damascus na moja ya Aleppo, zilikuwa na vitanda na vifaa lakini hazikuwa na fedha za kutibu maskini. Akasukuma mpango ulioitwa Hospitali Zilizo Wazi, akishirikiana na shirika la Kiitalia la AVSI, wafadhili walipie matibabu ya wasiojiweza. Makumi ya maelfu ya wagonjwa wametibiwa bure, na wengi wao ni Waislamu. Hakuna anayeulizwa dini yake mlangoni.

Baada ya Assad

Maaskofu wanapofika miaka 75 hutakiwa kumwandikia Papa barua ya kuomba kung'atuka. Zenari alivuka umri huo akiwa bado Damascus. Alikuwapo Desemba 8, 2024, Assad alipokimbia nchi. Mei 2025, akiwa na miaka 79, alikuwa miongoni mwa makardinali waliomchagua Papa Leo wa 14, kisha akarudi Syria. Mwezi uliofuata mtu mmoja alijilipua ndani ya kanisa la Kiorthodoksi la Mar Elias mjini Damascus wakati wa ibada ya Jumapili, na watu zaidi ya 20 wakauawa.

Kwa hiyo kuanguka kwa utawala hakukuwa mwisho wa hofu, hasa kwa Wakristo, ambao wengi wao wameshaihama nchi. Kwao, balozi ambaye hakuwakimbia walipokuwa wakipigwa makombora alikuwa na neno waliloweza kuliamini alipowasihi wasiondoke. Neno hilo lisingekuwapo kama mwaka 2012 naye angefunga mlango na kwenda zake.