Kicheko cha matangani

Mwandishi, uliposema katika makala yako kwamba kicheko chochote ni dawa, hapo sikubali. Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana wa shule walishikwa na kicheko kisichokoma, wakicheka na kulia, hadi shule ikafungwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na furaha. Na wewe ndugu uliyeandika maoni hapo juu kwamba simu inatosha kutuchekesha, mtafiti Robin Dunbar na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba mtu akishacheka kweli anastahimili maumivu zaidi, na watu hucheka zaidi wakiwa pamoja. Sisi kwetu, eneo la Kama, tunayaona haya matangani. Tulipomzika babu, wajukuu walizuia jeneza mlangoni wakidai deni lake la ndizi, mmoja kavaa kofia yake na kukohoa kama yeye. Mjane wake, ambaye tangu usiku hakuonja hata maji, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba ugali na sombe. Lakini ule utani ni haki ya wajukuu. Mgeni angethubutu, angefukuzwa. Tafadhali andika juu ya utani huo pia, maana vijana wetu wanaohamia Kindu wameanza kuuonea haya.