Nani alipe ili sigiri ilale nje?

Mvua ikianza huku West Nile, sigiri inaingia ndani. Hatuiingizi kwa ujinga. Mvua inazima moto, sigiri ya nje inaibwa, na wengi tunaopanga Arua mjini na Koboko tuna chumba kimoja tu. Ndicho cha kulala, ndicho jiko, ndicho stoo. Mama anaivisha maharagwe, anaacha makaa yapashe chumba joto, mlango unafungwa, watoto wanalala.

Wote tunaogopa moshi wa kuni, na kweli unaumiza macho na kifua. Lakini moshi huo unakupa habari: unakohoa, unatoka nje. Makaa yakishika vizuri hayana moshi, ndipo watu wanasema, "Sasa yako sawa, ingiza ndani." Hatari iko hapo hapo. Makaa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inakamata nafasi ya oksijeni kwenye damu, na inajishika huko kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kutapika, miguu inalegea. Ukiwa tayari umelala, dalili zinakupita bila kujua. Na makaa yaliyofunikwa na majivu, yale tunayodhani yamekufa, bado yanaitoa.

Kwingine kuna kengele ya kugundua gesi hii. Huko England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, sheria inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aweke kengele kwenye chumba cha kukaa au kulala chenye boila au meko iliyojengewa humo. Kengele moja inauzwa karibu pauni 20, kama shilingi laki moja ya Uganda. Tena haidumu milele: baada ya miaka 7 hadi 10 inachoka, unanunua nyingine.

Tuseme ukweli, familia ya Lobule au Imvepi haitanunua kitu hicho. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kugawa familia za wakimbizi Uganda katika makundi matatu, na kundi la tatu likawa halipati kitu. Wanaoishi mjini wengi hawamo hata kwenye hesabu hiyo. Nani ataacha kununua unga ili anunue kengele?

Kwa hiyo hatuombi kengele. Tunachotaka kuiga kwa Waingereza ni jibu lao kuhusu nani alipe. Sheria yao haikumwambia mpangaji "jihadhari" ikaishia hapo. Ilimpa gharama yule mwenye uwezo. Huku kwetu usalama unakuja kama somo. Tunakusanywa chini ya mwembe, tunaambiwa tusipikie ndani, tunasaini karatasi ya mahudhurio, tunarudi kwenye chumba kile kile. Somo ni zuri, lakini somo haliezeki paa.

Sigiri ya kuokoa makaa nayo inatudanganya kidogo. Inapunguza gharama, tunashukuru. Lakini kula makaa machache si sawa na kutokuwa na sumu. Mtu akipewa sigiri mpya inayoitwa bora, anaona ndiyo salama ya kulala nayo.

Wafanyakazi wa mashirika watatuambia bajeti imekatwa. Tunajua, maana imekatwa kwenye sahani zetu. Ila mradi wa sigiri bado una fungu la fulana, bango na soda za semina. Fungu hilo likigeuzwa miti, mabati na misumari, familia kadhaa za mtaa mmoja zinapata kibanda cha kupikia chenye paa na mlango wa kufunga. Sigiri haitanyeshewa wala kuibwa. Kazi ya kujenga tutaifanya sisi vijana, bila posho. Na wenye nyumba wa mjini, baraza yenye paa haiwezi kuwashinda.

Kwa vijana wenzetu: kabla ya kulala, toeni sigiri nje, hata ikiwa na majivu tu. Dirisha wazi linasaidia, lakini halitoshi. Watu wa nyumba moja wakiamka wote na kichwa kizito na kutapika, msikimbilie kusema ni malaria. Tokeni kwenye hewa safi mara moja, nendeni kituo cha afya, na mwambieni daktari kwamba makaa yalilala ndani. Asipoambiwa hatajua.

Na kwenu mashirika: kwenye ripoti mnaandika sigiri ngapi zimegawiwa. Ongezeni safu moja tu. Andikeni ngapi kati ya hizo zinalala nje.